Ndoo ya Maji Juu ya Moto wa Zhurna

Onufri Petrichuk alijulikana kwa hasira tangu ujana wake, na watu wa bonde lile walikuwa wameizoea hasira hiyo kama walivyoizoea mvua ya milimani kwao: inakuja kwa kishindo, inakulowesha, inapita. Hasira ya kiangazi kile haikupita. Aliamka nayo asubuhi, akakamua nayo, akala nayo, na usiku ikamlalia ubavuni, mahali palipokuwa pa mkewe Yavdoha, aliyebaki kijijini na shamba lake la viazi.

Alikuwa vataha wa Zhurna. Vataha ndiye mkuu wa wachungaji na ndiye mpika jibini. Na Zhurna ni polonina, uwanja wa nyasi ulio juu kabisa ya milima ya Karpati, pale misonobari inapokoma na upepo unapoanza. Kondoo wa kijiji kizima hupandishwa huko mwezi wa Mei na kuteremshwa majani ya msitu yanapogeuka manjano. Kati ya siku hizo mbili vataha hashuki. Anaishi katika kibanda cha magogo kilichoiva kwa moshi, anapokea maziwa, anayagandisha, anakamua jibini kwenye kitambaa, na msimu ukiisha kila mwenye kondoo anapata fungu lake. Watu humkabidhi mali yao kwa neno la mdomo tu. Onufri alikabidhiwa hivyo tangu baba yake, Tanasi, alipofariki, na hakuna mwanamke wa bondeni aliyewahi kulalamika kwamba alipunjwa.

Lakini kazi ya kwanza ya vataha si jibini. Ni moto.

Siku ya kupanda, kabla kondoo yeyote hajakamuliwa, vataha huwasha moto hai. Kiberiti hakitumiki. Kijiti kinene cha mti mkavu hubanwa katikati ya nguzo mbili, huzungushiwa kamba, na watu wawili huivuta kamba hiyo, huyu avute na yule avute, mti ukizunguka na kusaga mpaka moshi utoke na uyoga mkavu uliowekwa pembeni ushike cheche. Moto huo hauzimwi kiangazi kizima. Usiku hufunikwa kwa majivu, alfajiri hufukuliwa na kulishwa. Siku ya mwisho vataha hutoka nyuma ya wote, anauacha uzimike wenyewe, wala hageuki kuutazama. Ukifa kabla ya hapo, kila mtu anajua maana yake: kundi halina ulinzi tena, wenye mali wana haki ya kuchukua kondoo wao siku hiyohiyo, na yule vataha si vataha tena.

Baba yake aliwahi kukatazwa moto huo. Enzi za Wasovieti, kondoo wote walipokuwa wa shamba la pamoja, mwenyekiti alipanda Zhurna kwa farasi, akamletea Tanasi boksi zima la viberiti, akasema dola ya wafanyakazi haiwezi kula jibini iliyopikwa kwa ushirikina. Tanasi alimshukuru sana. Mwenyekiti alipoondoka, aliwagawia wachungaji njiti wakachokolee meno, na moto ukaendelea kuwaka kama kawaida. Wale walikataza kwa sababu hawakumtaka Mungu. Onufri alikulia katika kicheko cha hadithi hiyo, na alidhani mambo ya kukatazwa yamekwisha, kwa kuwa dola ile ilianguka na yeye mwenyewe alishangilia ilipoanguka.

Kisha ikaja hifadhi.

Haikuja kwa ukali. Ilikuja na watu waungwana waliovaa viatu vizuri vya kupandia mlima, walioonja jibini na kufumba macho kwa utamu. Walisimika ubao kwenye njia ya kupandia, wenye picha ya dubu na maandishi makubwa. Onufri alijua kusoma vizuri tu, lakini siku hiyo alimwambia Mitro, mkamuaji wake wa miaka mingi, amsomee kwa sauti, ili asikie kama masikio yatakubaliana na macho.

"Karibu katika pori lisiloguswa na binadamu," Mitro alisoma. Akakuna shingo. "Vataha, sasa mimi ni nani? Mbweha?"

"Mbweha ana kazi. Wewe ni kupe."

"Na wewe?"

Babu yake Onufri aliyeng'oa visiki vya uwanja ule alizikwa akiwa na vidole saba. Onufri aliutemea mate ubao, akapanda zake.

Mwaka uliofuata mbwa walitakiwa wafungwe minyororo, na dubu akala kondoo. Mwaka mwingine ikakatazwa kukata kuni mlimani, na kuni zikaanza kupandishwa kwa farasi kutoka kijijini, kama vile unampelekea samaki maji. Kisha kundi likapunguzwa ili nyasi zipumzike. Onufri alifoka, akatukana, akapiga meza kwenye ofisi ya hifadhi, halafu akatii. Alitii kila mara. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote alipolikumbuka baadaye: kila walipomsukuma alipiga kelele nyingi, na baada ya kelele akasogea.

Kiangazi kile marufuku ilikuwa ya moto. Mwaka uliotangulia watalii walikuwa wameunguza upande mzima wa mlima wakichoma soseji. Sasa watalii walijengewa mahali pao pa kuwashia moto kando ya ziwa, penye mabenchi na paa, na wachungaji wa polonina zote wakaambiwa wasiwashe moto wowote. Tangu kupanda, Onufri alijifanya hakusikia. Alikuwa mjanja kama babaye, alidhani.

Walikuja asubuhi moja ya mwezi wa Julai, maziwa yakiwa ndani ya sufuria kubwa juu ya moto, yanakaribia joto la kugandishwa. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa afisa kijana wa mjini aitwaye Rostislav, mwenye miwani na sauti ya upole. Wa pili alikuwa Lukyan, askari wa hifadhi, mtoto wa kijijini. Onufri ndiye aliyemfundisha kukamua. Ndiye aliyemshika binti yake wa kwanza kwenye maji ya ubatizo. Na katika kundi la Zhurna, miongoni mwa kondoo waliokuwa wakichungwa nje wakati huo, walikuwamo kondoo wa Lukyan mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, mjomba Onufri," Lukyan alisema kutoka mlangoni.

"Milele amina. Ingia. Na huyo mgeni wako naye aingie, asisimame hapo kama mkwe aliyekuja kudai mahari."

Rostislav alitabasamu, akainama kupita chini ya boriti. Alisema maneno yake kwa adabu. Alisema hifadhi inaheshimu utamaduni, na kwamba walikuwa wameleta jiko la gesi, lipo nje juu ya farasi, ni zawadi.

"Hilo jiko," Onufri aliuliza, "usiku linafanya nini?"

"Linazimwa, mzee. Ndiyo faida yake."

"Aha."

"Mzee, sisi hatuna ugomvi na wewe. Kazi yetu ni kulinda."

"Mnamlinda nani?"

"Pori hili."

"Dhidi ya nani?"

Kijana alipangusa miwani yake iliyojaa mvuke. "Dhidi ya shughuli za binadamu."

"Mimi ndiye hiyo shughuli?"

"Mjomba," Lukyan aliingilia, "usilifanye jambo liwe gumu."

"Nimekuuliza wewe? Namwuliza huyu msomi. Bwana mdogo, nitazame. Mimi ni shughuli?"

Rostislav hakumtazama. Alimtazama Lukyan, akamwashiria kwa kichwa kidogo tu, jinsi mtu anavyomruhusu mhudumu aondoe sahani. Na Lukyan akainua ndoo ya maji ambayo Mitro alikuwa ameichota kwa ajili ya kufulia vitambaa vya jibini.

Onufri hakuamini. Alikaa pale pale kwenye kigogo chake, mwiko mkononi, akimtazama kijana aliyemlea akifanya kazi ile kwa ustadi. Kwanza Lukyan aliisogeza sufuria pembeni kwenye mti wa kuzungusha ilikoning'inia, ili maziwa yasimwagike. Alikuwa na heshima kiasi hicho. Kisha hakumwaga maji juu ya ndimi za moto, kama ambavyo mgeni angefanya. Aliinama, akalisukuma kwa mguu lile gogo la nyuma, gogo mama, ambalo moto hujificha ndani yake unapoonekana umekufa, akamwaga hapo, polepole, mpaka ndoo ikaisha. Mahali hapo alionyeshwa na nani? Alionyeshwa na Onufri.

Moto ulipiga kelele. Mvuke ukajaa kibanda, majivu yakaruka mpaka kwenye boriti, na weusi wa maji ukatiririka sakafuni hadi kwenye viatu vya Onufri. Rostislav alipiga picha mbili, akakohoa, akasema pole. Alisema kweli neno hilo: pole. Wakashusha jiko la gesi, wakaliweka juu ya nyasi, wakaondoka, Rostislav akishika njia ya ziwani kwenye gari lake na Lukyan njia ya kijijini.

Mitro alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa mtu wa utani hata kanisani, lakini sasa utani ulikuwa umemwishia.

"Vataha. Tufanyeje?"

"Chukua baragumu."

Baragumu lao, trembita, ni la mti, refu kuliko watu wawili mmoja juu ya bega la mwingine. Lina sauti ya kupandisha kondoo, sauti ya harusi, sauti ya Krismasi, na lina sauti ya msiba, ambayo ikipigwa mlimani watu wa mabonde yote ya karibu huweka majembe chini.

"Nipige nini?"

"Ya maiti."

"Nani amekufa?"

"Mitro, ukiniuliza tena, utakuwa wewe."

Mitro akatoka, akaliegemeza baragumu juu ya uzio, akapiga. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikavunjika, ikarudi tena. Onufri aliisikia ikienda, ikigonga mlima wa mbele na kurudi imechoka. Ilimpoza kidogo. Wala hakufikiri. Alikuwa na hasira, na kwa watu wa kule hasira kubwa na msiba mkubwa hutumia mlango mmoja wa kutokea. Hakufikiri kwamba kule chini hakuna atakayesikia kuwa moto umekufa. Kule chini watasikia kwamba Zhurna kuna maiti. Na huko Zhurna mtu mzima wa umri wa kufa ni mmoja tu.

Maziwa yalipoa. Hayakuwa jibini, hayakuwa maziwa. Akawamwagia nguruwe waliofugwa nyuma ya kibanda.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama aliposikia kilio. Kilikuja kutoka kwenye njia ya msituni, sauti ya mwanamke mmoja ikitangulia sauti za wengine, na ilikuwa na maneno, kama vilio vya kule vinavyokuwa na maneno.

"Onufri wangu eee! Umeniachia nani, mume wangu mpole! Mbona hukuniaga, wewe ambaye hukuwahi kunipandishia sauti hata siku moja!"

Mitro alitega sikio. "Huyo anayeliliwa ni nani? Mpole gani huyo?"

Lakini Onufri alikuwa ameshasimama. Alitoka mlangoni. Nusu ya kijiji ilikuwa inapanda: wanaume kofia mkononi, wanawake na mishumaa na mikate, na mbele yao Yavdoha, goti lake bovu limefungwa kitambaa, kifuani amekumbatia furushi jeupe. Onufri alilijua furushi hilo. Lilikuwa shati lake la kuzikiwa, ambalo Yavdoha alilidarizi mwenyewe kwa majira mengi ya baridi.

Yavdoha alimwona. Kilio kikakatika katikati ya neno. Alisimama, na kila mtu nyuma yake akasimama. Kisha akaja mbio, goti au si goti, akaanza kumpiga kwa shati lile kichwani, mabegani, popote.

"Mzima! Mzima wewe! Nimefunika kioo kama afanyavyo mfiwa! Nimesimamisha saa ya ukutani! Saa imesimama nyumbani kwa ajili yako, mpumbavu mkubwa wee! Nimepanda mlima huu nikiwa mjane!"

"Yavdoha…"

"Usiniite! Nani amekufa basi? Nani?"

"Moto," alisema Onufri.

Mkono wa Yavdoha ukabaki hewani. Alimsukuma pembeni, akaingia kibandani, na wale waliokuwa karibu wakaingia nyuma yake. Walipaona pale mekoni, matope meusi na gogo lililolowa. Mwanamke mmoja mzee akajifanyia ishara ya msalaba, na baada yake wote.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Prokip, mwenye kondoo wengi kuliko yeyote katika kundi lile, mtu mnene wa maneno machache na mahesabu mengi.

"Pole, vataha," alisema. "Pole sana. Lakini tusidanganyane. Moto umekufa Julai. Mimi nachukua wangu leo, kabla giza halijaingia."

"Nawe unaitwa Mkristo?" Yavdoha alimgeukia.

"Mama, sikuitunga mimi kanuni. Moto ukifa, kundi linashuka. Hata baba yangu angefanya hivyo, hata baba wa Onufri."

Wanaume wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Mmoja tayari alikuwa anatazama nje, macho yanatafuta alama ya rangi ya kondoo wake. Na hapo, akimwangalia mtu huyo akitafuta, Onufri aliliona jambo zima kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Kwa miaka mingi hifadhi ilitaka Zhurna pawe patupu. Ingewafukuza kwa nguvu, kungekuwa na makelele, magazeti, pengine mahakama. Kwa nini ihangaike? Ilihitaji ndoo moja tu ya maji. Kazi iliyobaki wangeimaliza wenyewe, kwa heshima zote, kofia mkononi, kwa kanuni yao wenyewe. Kabla ya giza nyasi zingekuwa tupu, na hakuna aliyefukuzwa.

Na mtu wa mjini hawezi kuijua kanuni hiyo. Lazima aambiwe.

"Lukyan yuko wapi?" aliuliza.

"Huyu hapa," ilijibu sauti ya kike kutoka nyuma kabisa.

Ilikuwa Hafia, mama yake Lukyan, mwanamke mdogo mkavu. Alikuwa na mshumaa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika mkono wa shati la sare ya mwanawe kama anavyoshikwa mtoto mtoro. "Tumekutana naye njiani anashuka. Namwuliza, mwanangu, nani amefariki, ananiambia sijui mama. Sijui! Anatoka huku huku, halafu hajui. Nikasema basi turudi wote tukajue."

Watu wakaachia njia. Lukyan akaja mbele, kofia yake ya hifadhi mkononi, macho chini.

"Ulimwambia nani?" Onufri alimwuliza. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe haina kelele. "Habari ya moto. Kwamba ukifa, kundi linashuka. Ulimwambia nani?"

"Mjomba…"

"Nimekuuliza."

"Niliwaambia ofisini. Majira ya baridi." Lukyan aliigeuza kofia mkononi. "Tulikuwa tunakunywa chai. Wananiita mtu wa milimani, wananiuliza hadithi. Niliwaambia kwa kujivunia, mjomba. Naapa. Nilikuwa najivunia."

"Na leo asubuhi? Ulikuwa unajivunia?"

"Leo nilitumwa. Nina watoto. Ningekataa wangemtuma mwingine."

"Mwingine asingelijua gogo mama!" Sasa sauti ilikuja, na kibanda kikatikisika. "Mwingine angemwaga juu juu kama mtalii, na mimi ningeufukua moto wangu kabla hajafika msituni! Nilikuonyesha mahali pale ukiwa hujaota ndevu! Nilikuonyesha ili ukiwa na baridi usife! Nawe umekwenda pale pale!"

Hafia aliuachia mkono wa mwanawe, kana kwamba umemuunguza.

"Prokip," Onufri alisema bila kumgeukia, "unataka kushusha kondoo. Haki yako. Lakini kuna utaratibu. Wa kwanza atakayeshusha ni huyu. Lukyan, nenda kawatenge wako. Watu wote hawa wakutazame ukiwatenga. Halafu wafuate wao. Ndivyo ninyi mlivyotaka, sivyo? Nenda."

Lukyan hakusogea.

"Huendi? Basi lipo jambo la pili." Onufri alinyoosha mkono ukutani, akashusha kamba ya katani, nene, nyeusi kwa moshi, akaitupa miguuni pa kijana. "Shika upande mmoja."

Minong'ono ikatokea kila upande. Prokip aliinua mikono. "Vataha, haiwezekani! Moto hai huwashwa mara moja kwa mwaka. Umewahi kusikia wapi mara mbili?"

"Sijasikia."

"Basi!"

"Wala sijasikia moto kuuawa. Moto ukifa kwa uzembe wangu, nishushe na kondoo wako, nitie kengele shingoni. Huu haukufa. Huu umeuawa, na aliyeuua ana jina, na jina lake mnalijua. Kanuni ya moto uliouawa haipo. Naiweka mimi leo: aliyeuzima atauwasha. Na wakija kesho na ndoo nyingine, atakayemwaga huyo atavuta. Na keshokutwa. Mpaka waishiwe na watu."

"Watakufunga," Prokip alisema.

"Wanifunge. Nimewatii mbwa, nimewatii kuni, nimewatii nyasi. Kila nilipotii nilipungua. Wanataka pori lisilo na mtu, na mimi nimekuwa nikiwasaidia kuniondoa kidogo kidogo!"

Prokip alivaa kofia yake. Alisema anasikitika, na pengine alisikitika kweli, akatoka kwenda kutenga kondoo wake, na wawili wakamfuata. Kengele zikaanza kusikika nje, zikikusanywa, zikishuka. Kila kengele ilimpata Onufri kifuani, kwa kuwa alizijua zote kwa sauti. Hakuwazuia. Waliobaki walibaki wamesimama ukutani na mishumaa yao, wakimtazama Lukyan.

"Nikivuta, kazi imekwisha," Lukyan alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba, unajua. Itafika kwao kesho asubuhi."

"Najua."

"Nitawalisha nini?"

Yavdoha ndiye aliyejibu, akiwa bado amekumbatia shati la maiti. "Leo asubuhi ulikuwa unawalisha nini, wewe? Si jibini ya moto huu?"

Lukyan alimtazama mama yake. Hafia hakumwambia avute, wala hakumwambia asivute. Alikuwa ameuinamisha mshumaa wake, nta inamdondokea vidoleni, na hakuonekana kuisikia. Kijana akaitazama kofia ya hifadhi mkononi mwake kama kitu alichokiokota njiani. Akaiweka juu ya rafu, katikati ya vyungu. Akainama, akaokota ncha ya kamba.

Mitro alileta kijiti kikavu, akakibana katikati ya nguzo, akaondoka haraka bila utani wowote. Onufri akazungusha kamba, akakaa upande wake, kisigino kimeegemea jiwe la mekoni. Wakaanza. Kamba iliteleza kwanza, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na unyevu na mikono ya Lukyan ilikuwa imezoea kalamu. Wakaanza tena. Mti ulilia. Jasho likamshuka Onufri machoni, mabega yake ya uzee yakawaka maumivu, na kila alipovuta alimwona kijana mbele yake akivutwa, na kila alipovutwa alimwona akiegemea nyuma kwa nguvu zake zote. Walikuwa wanaangaliana sasa, wasiweze kukwepana.

"Mjomba," Lukyan alisema akihema. Machozi au jasho, haikujulikana. "Mjomba, nisamehe."

Harufu ya mti ulioungua ikaanza kutoka, nyembamba, na mmoja wa wanawake akashusha pumzi. Onufri aliuona ule uzi wa moshi ukiinuka katikati yao. Hakulegeza kamba.

"Sijakusamehe," alisema. "Vuta."